Ulizima Redio, Anord

— Ulizima redio, Anord.

Lidwina alisimama mlangoni pa duka la vitenge, gauni limelowa maji machafu mpaka magotini, fimbo nyeupe mkono mmoja, kitambaa cheusi mkono wa pili. Nje, sokoni Songea, watu walikuwa bado wanacheka.

— Lidwina, shusha sauti. Mama yupo.

— Shikamoo mama.

— Marahaba.

Mama Fausta aliitikia huku anatazama pembeni. Alikuwa ameteremka kutoka Madaba kuja kumwona mchumba wa mwanawe kabla mshenga hajapeleka posa.

— Mwanangu, macho unayo mazima. Kwa nini unajichuria upofu?

— Nasoma, mama. Nasomea kufundisha watoto wasioona. Nitamfundishaje mtoto kutembea na fimbo kama mimi mwenyewe giza lake silijui?

Na ndivyo walivyofunzwa huko Arusha, kwenye chuo cha elimu maalumu. Unafungwa kitambaa machoni, unapewa fimbo, unakatiza mjini kwa kusikiliza na kunusa, mkufunzi anakufuata nyuma kimya. Hakuna kushikwa mkono. Ukivua kitambaa, umefeli.

Lidwina alikuwa Songea kwa mazoezi ya kufundisha, anakaa Ruhuwiko kwa shangazi yake. Njia ilikuwa imemkaa kichwani: mashine ya kusaga, harufu ya dagaa wa Nyasa, kisha redio ya Anord, iliyokuwa haizimwi tangu duka lifunguliwe mpaka lifungwe. Akiisikia redio kushoto, anakata kulia kwenda stendi. Asubuhi hiyo Anord alimwona anakuja na fimbo yake, akamtupia mama yake jicho, akaizima. Lidwina akaipita kona, akaingia mtaroni mzima mzima.

— Uliniona nakuja?

Anord akavuta kitenge, akaanza kukikunja.

— Nakuuliza, uliniona?

— Nilikuona. Nilijua ukiisikia redio utaniita jina, kama kawaida yako. Watu wangeuliza. Niliona aibu, Lidwina.

— Aibu ya nini? Kwani nimeiba?

Hakungoja jibu. Nje alimkuta mkufunzi wake, mwalimu Kajetani.

— Umevua kitambaa, binti.

— Nimevua, mwalimu.

— Keshokutwa utarudia, halafu mimi narudi Arusha. Ukishindwa tena, cheti usahau mwaka huu. Nikubadilishie njia?

— Hapana, mwalimu. Njia hii hii.

Kiburi? Haya, kiburi. Mtu kachekwa na soko zima, halafu umtake apite uchochoroni?

Wakati huo simu za mkononi ndiyo kwanza zinaingia Songea. Jioni, ya shangazi Edna ikalia. Meseji.

"Nisamehe Lidwina. Keshokutwa redio nitaifungulia mpaka mwisho. Anord."

Lidwina akajibu: "Duka lako, redio yako."

Shangazi akamwangalia.

— Unampenda huyu mwanaume?

— Nampenda, shangazi. Ndiyo maana imeniuma.

— Basi mpende. Ila njia yako usimwachie yeye.

Kesho yake Lidwina alishinda pale sokoni, amefumba macho, anatafuta kona yake upya, bila redio.

Siku ya mtihani watu walijaa, wengine wamekuja kumwona anavyoanguka. Kitambaa kikafungwa. Mashine ya kusaga, akaipita. Dagaa, akawapita. Redio ikaanza kusikika, sauti imepandishwa mpaka inakwaruza. Na juu ya redio, sauti ya Anord.

— Jamani, mpisheni. Msimshike. Huyo ni mchumba wangu, anafanya mtihani.

— Kapofuka? mmoja akauliza.

— Hajapofuka. Anasomea kufundisha watoto wasioona. Mwenye swali lingine aje aniulize mimi, hapa dukani.

Machozi ya Lidwina yakalowesha kitambaa, lakini miguu haikusimama. Akasogea mpaka cherehani za mafundi zikalia sikioni na fimbo ikagonga sakafu ya baraza lao. Hapo akakata kulia. Akafika stendi.

— Vua kitambaa, mwalimu, akasema Kajetani.

Hakuwahi kumwita mwalimu. Lidwina alivua, akanyoosha mgongo, akawatazama watu wote wale bila kuinamisha uso. Wa kwanza aliyemtambua ni Mama Fausta, anahema.

— Nimekufuata tangu dukani. Nilisema ukianguka nikudake.

— Hairuhusiwi kunidaka, mama.

— Najua. Huyu mwalimu wako kanivuta kitenge njia nzima. Mwanangu, kule Madaba jirani yangu ana mtoto haoni. Mkubwa sasa, bado wanambeba mgongoni. Utakuja?

— Nitakuja, mama.

— Uje kama mkwe wangu.

Anord akafika mbio, duka ameliacha wazi.

— Redio imekusaidia?

— Nimeisikia. Sikuihitaji. Nimekata kona kwa cherehani za mafundi.

Anord akatazama chini.

— Ila ulivyosema mchumba wangu mbele ya watu, hilo nililihitaji. Geuka.

Akageuka. Lidwina akamfunga kile kitambaa, akakaza fundo, akamwekea fimbo mkononi.

— Turudi dukani. Tangulia wewe.

Stendi nzima ilikuwa inatazama. Wapiga debe wakaanza kucheka. Anord akapapasa ardhi kwa fimbo, akajikwaa, akasimama wima.

— Usinishike mkono, Lidwina.

— Sikushiki.

Kwa mbali redio ilikuwa bado inalia. Anord akageuzia sikio huko, akaanza kutembea katikati ya watu, na mwalimu wake mpya akamfuata nyuma kimya.