Risasi Ndogo, Kiwambo Kikubwa

Jumapili, saa mbili asubuhi.

Virgil Stamper alikilaza kiwambo cha kuzuia sauti mezani, katikati ya sahani za mchuzi wa soseji, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Kisha akatema tumbaku kwenye chupa. Chupa ilikuwa nusu. Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka oili na mate yake.

"Miezi tisa," alisema. "Miezi tisa serikali imenisubirisha kibali. Picha, alama za vidole, maswali ya kijinga. Mnaona uzuri huo?"

"Na bastola yake iko wapi?" aliuliza Tolliver, binamu yake.

Retha, dada yake Virgil, alichekea puani. "Ile ya arobaini na tano? Mkewe kaondoka nayo. Kamwachia bomba alikumbatie usiku."

Virgil hakucheka. Alichomoa bastola nyembamba mfukoni. "Hii ya milimita tisa inatosha. Nimebadilisha kipande cha kufungia. Tundu kubwa, risasi ndogo, inapita bila taabu. Na risasi ndogo, kelele ndogo. Hata mtoto anajua."

Bonde zima la Caney lilimwita Virgil mjuzi wa bunduki, na aliyeanzisha jina hilo ni Virgil.

"Ulisema hakuna bastola," alisema Tolliver.

"Nilisema wewe hutashika bastola. Wewe endesha gari."

Tolliver alikuwa ametoka jela kwa masharti majira ya kuchipua. Akigusa bunduki tu, anarudi kumalizia miaka minane. Binti yake Marlee alikuwa ameanza tena kumwita baba.

"Ya nini sasa? Nyumba haina mtu."

"Ina mbwa."

Retha aliacha kutafuna. Alifanya kazi kwa Estill Napier, mnunuzi wa jinsengi, mizizi ya dawa yenye bei kubwa. Yeye ndiye aliyejua yalipo mapipa ya mizizi mikavu waliyopanga kuiiba, na yeye ndiye aliyewalisha mbwa wale wawili kila siku.

"Tulikubaliana dawa," alisema. "Nimeshaitia kwenye soseji. Watalala fofofo."

"Dawa inachelewa."

"Inachelewa wapi, Virgil? Ibada ya akina Napier inakwenda mpaka mchana!"

"Dada, nimesema."

Tolliver aliuona uso wa binamu yake, akaelewa. Hakukuwa na haja yoyote. Mtu alikuwa na kichezeo, alitaka kukisikia. Basi.

Saa nne na nusu.

Pikapu ilisimama nyuma ya banda la Napier la kukaushia mizizi. Ng'ambo ya kijito lilikuwa kanisa, na ndani yake Napier na ukoo wake wote. Ndugu Hobert, kiongozi wa nyimbo, alitamka mstari peke yake, haraka, kwa sauti kali. Kisha waumini wakaupokea na kuuburuta, pole pole, bila kinanda, hadi mlima ukavuma.

"Wakivuta, napiga," alisema Virgil. "Wakinyamaza, nangoja."

Mbwa walikuja wakitikisa mikia. Walimjua Retha. Jike, Tansy, alimlamba vidole.

"Sogea, dada."

"Waache wale soseji kwanza. Virgil, nakuomba."

"Sogea, au nitapigia hapo hapo mkononi mwako!"

Waumini waliushika mstari. Virgil akafyatua.

Sauti ilichapa bonde kama mjeledi. Mlima ukairudisha.

Mdomoni mwa bastola kiwambo kilijitahidi, ingawa tundu lake lilikuwa pana mno kwa risasi ile na moshi ulipenya kando yake. Lakini kosa halikuwa hapo. Risasi za arobaini na tano, alizozizoea Virgil, huenda polepole kuliko sauti. Hizi za tisa, alizozibeba dukani bila kusoma boksi, zinaipita sauti, na njia nzima zinaichana hewa. Kiwambo hakina cha kufanya risasi ikishatoka. Mjuzi wa bunduki hakuwahi kulijua hilo, kwa kuwa ya arobaini na tano haikuwahi kumdai alijue.

Tansy alipigwa nyonga. Alijiburuta kwa miguu ya mbele akilia kama mtu. Dume alikimbilia uvunguni mwa baraza, na Virgil akamfuata kwa risasi, moja, nyingine, nyingine, akipasua mbao, akitukana, hadi bastola ikawa tupu. Hakumpata.

Ng'ambo, wimbo ulikatika katikati ya mstari.

"Ingia!" alipiga kelele Tolliver. "Ingia twende!"

Virgil hakuingia. Bastola aliinunua kwa mtu, haikuwa na jina lake. Kiwambo kilikuwa na namba, na namba ilikuwa na jina. Alikikamata kwa mkono wa kulia akifungue. Akapiga yowe. Chuma kilikuwa cha moto kama sufuria jikoni.

"Nishikie, binamu! Shika!"

Akairusha bastola dirishani mwa pikapu, kiwambo kikiwa bado mdomoni mwake.

Tolliver aliinua mikono juu kabla haijatua, akatokea mlango wa pili na kuanguka matopeni. Bastola ilibaki kwenye kiti, ikifuka moshi.

Sasa watu walikuwa wanavuka daraja la mbao. Napier mbele, shati jeupe. Nyuma yake wanaume, kisha akina mama wenye magauni marefu. Virgil aliwatazama, na uso wake ukageuka upesi kama wa mchuuzi aliyeona mteja.

"Ni Tolliver!" alisema. "Nimemkuta anafyatua, Bwana Napier! Si mnamjua? Mfungwa huyu!"

Walimjua. Macho yote yalimgeukia. Tolliver aliliona lango la jela, na Marlee akikua upande wa pili.

Retha alikuwa amepiga magoti, kichwa cha Tansy mapajani, gauni limelowa damu. Soseji zilikuwa zimetapakaa majanini.

"Retha," alisema Napier. "Nani kafanya hivi?"

"Mwambie, dada yangu," alisema Virgil, kwa upole. "Mimi ni damu yako."

Retha hakuinua kichwa.

"Mwambieni kaka yangu afungue mkono wa kulia."

Virgil alikunja ngumi. Ndugu Hobert, mzee wa mgodini, alimkamata kifundo cha mkono na kukunjua vidole vyake kimoja kimoja. Kiganja kilikuwa kimebabuka, chekundu, na mistari ya kiwambo imejichora juu yake.

Mwanamke mmoja aligeuka akatema mate.

"Sasa mtu ammalize Tansy," alisema Retha. "Mtu yeyote. Asiwe yeye."