Macho Aliyoyaruka Ramla

Rangi ya mafuta ina ukaidi wake: ukiipaka Jumatatu, Alhamisi bado inakuchafua vidole. Ile aliyoipaka Ramla asubuhi kwenye shavu la mwanamke wa pichani, kufika adhuhuri ilikuwa kavu kama sahani. Akaigusa, akaona, akaendelea. Tangu amzike mumewe Amadi miezi minne nyuma, hakuna kilichomshtua. Hata chakula alikula tu kwa sababu Najma, bintiye wa miaka sita, alikuwa anakula.

Kuchora alifundishwa na Marceline, jirani yake Mkristo hapo mtaani Makomeno, aliyempa picha ya zamani ya bibi wa Kizungu ainakili: kwanza kijivu kitupu, kisha rangi ya ngozi, tabaka juu ya tabaka. Ramla alinakili yote, hata lesi ya shingoni. Macho tu aliyaruka. Marehemu baba yake, Mwislamu wa Maniema, alimwambia kwamba mchora macho ataamriwa siku ya mwisho aitie sura hiyo roho.

"Mama Marceline, macho utatia weye. Kwenu haiko zambi."

"Apana, sha. Tableau, mwenye anaanza njo anamaliza," Marceline akajibu, akimrudishia picha.

Basi kila mmoja akamwachia mwenzake, kwa heshima zote, na sura ikakaa ukutani sebuleni kwa Ramla wiki tatu na mashimo mawili ya kijivu.

Harufu ya tapentaini ikaondoka, ikaja ya udongo uliochimbuliwa. Kisha Najma akaanza kujigonga milangoni. Mchana mmoja, jua limejaa uani, akauliza akipapasa swichi ya taa:

"Maman, courant imekatika?"

"Apana, maman," Ramla akajibu, akimwita mama kama wanavyoitwa mabinti wa hapo. "Juu ya nini?"

"Iko giza. Na ule mama wa ku mur anasema nimuazime macho tena kidogo."

Mwalimu Mahamudu, anayefukuza majini kwa dua, aliitwa siku hiyohiyo. Hakuvuka kizingiti.

"Mulitengeneza sura, mukaacha matundu," alinong'ona. "Jini imeingia."

"Niichome?"

"Usichome! Macho ya mutoto iko mule. Chora macho ya kufunga, ilale. Weye mwenyewe."

"Baba alikataza."

"Baba yako iko ku kaburi. Mutoto iko hapa."

Ramla akachora, jicho la kulia kisha la kushoto, mkono umetulia kuliko unavyopaswa kutulia mkono wa mama, huku harufu ya udongo ikimjaa kooni na turubai chini ya brashi ikipanda na kushuka, taratibu, kama kifua cha mtu, na yeye akimwomba Mungu ampe woga, woga tu, ajue kwamba bado yu hai, mpaka mstari wa mwisho ukafunga na turubai ikatulia.

"Maman, minakuona!"

Najma alikuwa anacheka. Ramla alimkumbatia, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akafurahi kwamba analia.

Alasiri akamlaza. Saa nzima baadaye mtoto bado alikuwa chali, macho wazi, hapepesi. Ramla akayafunga kwa vidole. Yakafunguka.

"Lala, maman."

"Siwezi. Usingizi yangu, ule mama njo iko nayo."

Ramla alisubiri moyo umruke. Haukuruka. Akamfunika shuka mpaka kidevuni, akaenda kuosha brashi.