Pingamizi la Bibi Harusi

"Uliwasikia wakigonga?" muuguzi aliuliza, sare yake imelowa mpaka magotini.

"Niliwasikia," alijibu mchungaji, mchumba wake.

"Na hukufungua."

"Mpenzi, zulia limetandikwa juzi. Harusi yetu ni Jumamosi ijayo! Familia arobaini na miguu ya matope, ingekuwaje? Niliwaambia wasubiri serikali."

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, mto ukaingia majumbani, na watu wakakimbilia mahali palipoinuka: kanisani. Wakajibanza barazani. Asubuhi mmoja hakuamka. Alikuwa bibi mfagiaji, aliyelifagia kanisa hilo miaka kumi na tisa bila malipo, na kifua chake kibovu. Muuguzi ndiye aliyemfumba macho.

"Amekufa ameegemea mlango. Mlango aliokuwa akiufuta vumbi yeye mwenyewe."

"Ni mapenzi ya Mungu."

"Usimsingizie Mungu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwako."

Alimpenda mwanamume huyu, na hilo ndilo lililomuuma. Alimpenda tangu siku alipomkuta wodini akimlisha uji mgonjwa asiye na ndugu. Mtu yule alikwenda wapi?

Kesho yake, Jumapili, waumini waliwaruka wale wa barazani wakaingia ibadani. Mzee wa kanisa akasimama na karatasi yake, akakohoa.

"Tangazo la ndoa, mara ya tatu na ya mwisho. Mchungaji wetu na dada yetu muuguzi. Mwenye pingamizi aseme sasa."

Watu wakacheka. Nani wa kumpinga mchungaji?

"Mimi ninalo."

Shingo zikageuka. Bibi harusi mwenyewe!

"Keti, mwanangu," mama yake alinong'ona, akimvuta gauni. "Utatuaibisha."

"Aibu tunayo humu ndani tayari, mama. Mchungaji, nijibu mbele ya hawa: kanisa ni la nini? Kama ni la kutunza zulia, basi tafuta mwingine. Mimi siolewi na mlinzi wa bohari."

Muuguzi akatoka nje analia, bila hata kujifuta machozi.

Siku tatu simu ilikuwa kimya. Jumatano mchana ujumbe wa mchungaji ukaingia:

"Bibi tumemlaza mbele ya madhabahu, tunamzika kesho. Wa barazani nimewaingiza wote. Zulia ni tope tupu. Watoto wanakohoa na mimi sijui nianzie wapi."

Aliusoma mara mbili. Alimlilia bibi kwanza, kwa sababu mlango ulimfungukia akiwa maiti, na hakuna msamaha wa kulirekebisha hilo. Kisha akaandika:

"Chemsha maji mengi. Nakuja na dawa."

Simu ikalia tena: "Na Jumamosi?"

Alipanga dawa mkobani, kisha akajibu:

"Jumamosi tutafua zulia."