Fabien, Aliyepona Peke Yake

Ndugu zangu, mnaoishi na mtu aliyetoka kuugua ugonjwa mkubwa, sogeeni karibu. Habari hii inawahusu.

Siku Fabien aliporudi kutoka Kampala, mtaa wa Ngezi, mjini Bunia, ulikuwa umetulia. Wanawake walikuwa wameanika mihogo, na harufu ya sombe, mboga ya majani ya mihogo, ilitoka jikoni kwa mkewe, Micheline. Fabien alikuwa seremala. Miaka mingi alikuwa akipiga randa mbao ngumu za msitu wa Niania, ndani ya karakana isiyo na dirisha, mpaka kansere, yaani saratani, ikamshika ndani ya pua. Waganga wa hospitali ya Kampala walimpasua, wakamchoma kwa mionzi, wakamwambia: umepona. Shavu moja lilikuwa limebonyea, lakini njia nzima alikuwa akiimba.

Wimbo uliishia mlangoni.

"Chakula chako iko kule nyuma," Micheline alisema bila kumtazama. "Watoto iko wadogo. Hatujue kama ile kitu inaambukiza."

"Munganga alisema hapana."

"Munganga halali huku."

Tangu hapo Fabien alilala karakanani. Kanisani, benchi lake lilibaki tupu upande huu na ule. Kaka yake Athanase alimtembelea kwa jambo moja tu. Vita ilikuwa imepamba moto, watu wa vijiji vya Djugu walikuwa wanamiminika mjini wakikimbia mauaji, na masanduku ya kuzikia, ambayo Athanase aliyauza, yalitakiwa kila siku.

"Si weye uko muzima sasa?" Athanase alisema. "Basi fanya kazi."

Fabien akafanya. Wanaokuja kuchukua sanduku hawakai kuzungumza.

Mtu wa kwanza kukaa alikuwa mgeni. Aliitwa Domitille, mtafiti wa afya. Alikuwa anazunguka mitaani akiwatafuta waliopona kansere, apate kujua wanaishije, na kabla ya kuugua walikuwa wanafanya kazi gani.

"Papa Fabien," alisema, "tangu upone, unaishi namna gani?"

Fabien aliweka randa chini. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Kisha alisema mpaka sauti ikamkauka.

Domitille alitazama vumbi la mbao lililotanda hewani, ukutani, hata kwenye nyusi za seremala. "Ukivuta hili vumbi miaka na miaka, linaweza kuleta kansere ya pua. Fanyia kazi nje, penye upepo. Funika pua. Na ukiona damu, hata kidogo, usingoje. Sema siku hiyohiyo."

Alikwenda pia kwa Micheline, akamweleza kwamba kansere haiambukizi. Micheline aliitikia kwa adabu, akaendelea kupepeta mchele. Athanase yeye alicheka. "Nje, na watu wa bunduki wanapita? Abaki ndani."

Mtafiti alirudi mara nyingi. Fabien alizoea kufagia mapema na kumwandalia kiti. Halafu mapigano yakaingia Bunia kwenyewe. Domitille alikimbilia kambi ya karibu na uwanja wa ndege, na njia ikafungwa.

Ni wakati huo tone la damu liliangukia ubao. Fabien alilifuta kwa kiganja. Amwambie nani? Siku iliyofuata lilianguka lingine. Akajikaza, akaenda hadi mlango wa jikoni. Ndani walikuwa wanacheka. Kicheko kikakatika.

"Unataka nini?" Micheline aliuliza.

"Maji," alisema. "Maji tu."

Wasomaji wangu, hapo ndipo nyumba ile ilipompoteza baba yake.

Askari wa Ulaya walipokuja kutuliza mji, Domitille alirudi Ngezi. Alimkuta Fabien amelala kwenye mbao, uso umevimba, jicho moja limefumba. Akamwita mkewe. "Mama, kuja usikilize. Papa Fabien, damu ilianza lini?"

"Zamani."

"Juu ya nini hukusema?" Micheline alipiga kelele.

"Nilikuja pale mlangoni," Fabien alisema polepole. "Uliniuliza ninataka nini. Nikaona haya."

Micheline aliketi chini, mavumbini.

Walimpakia kwenye lori literemkalo Kasenyi, bandarini, wamvushe ziwa hadi Uganda. Njia nzima kichwa chake kilikuwa mapajani mwa mkewe. Mkono wa Micheline ulipomgusa shavu, alishtuka, kisha akatulia. Alikata roho ufukweni, kati ya wauza samaki, kabla ya boti kuondoka. Micheline alibaki pale akimsimulia habari za watoto, zote alizokuwa hajamwambia, na wapita njia hawakuthubutu kumnyamazisha.

FUNZO

Kansere haiambukizi. Aliyepona anahitaji kula na watu, kulala na watu, na kuulizwa hali yake kila siku, kwa sababu ugonjwa unaweza kurudi, na mtu aliyetengwa huona haya kusema. Na kazi iliyomletea ugonjwa, msimrudishe ndani yake bila kinga, hata kama faida yake ni tamu. Yuko nani nyumbani kwenu, aliye kule nyuma? Nendeni mkamwulize leo.