NILIIKATIA BIMA KUBWA PIKIPIKI YA BABA, MUME WANGU AKAKATA KUFULI

"Mayala, usinifanye mtoto! Kufuli nimekukatia mwenyewe, kwa mkono wangu, halafu leo unaniambia ulikuta stoo tupu?!"

Hiyo ilikuwa sauti ya mume wangu.

Alikuwa nyuma ya nyumba, anafoka kwenye simu. Mimi nilikuwa kwenye kona, nimebeba beseni la nguo za kuanika.

Beseni likanitoka mikononi... pwaa!

Akageuka. Tukatazamana.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi sikia na hii, Levina. Aliyekwenda polisi kusema pikipiki imeibiwa ni nani?"

Nikainama kuokota nguo.

"Aliyesaini madai ya bima ni nani?"

"...Ni mimi."

"Haya. Ukifungua mdomo, anayekwenda ndani ni wewe. Mimi nitakuwa nakuletea chai."

Jamani! Huyu ni mwanaume niliyezaa naye watoto wawili!

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana naona mnaniangalia tu.

Naitwa Levina, naishi Cheyo, hapa hapa Tabora. Nina bodaboda nne, vijana wanaziendesha kutokea Ng'ambo, na riziki yangu yote iko pale.

Ya tano haibebi abiria. Ni BSA ya Mwingereza, ya miaka ya hamsini, inayong'aa tangi mpaka unajiona. Ni ya baba yangu, Mzee Kashindye, mwinjilisti wa Moravian. Ilimpeleka Sikonge, Urambo, Ulyankulu, kila kijiji kilichotaka kuombewa.

Macho yake yalipochoka, alinikabidhi kadi na ufunguo mbele ya ndugu zangu wote.

"Hii usiiuze, mwanangu. Hata ukilala njaa."

Nikaapa.

Ikafika siku ya kukata bima. Mimi akili yangu ilikuwa nyepesi tu: zote tano nizipige bima ndogo, tarehe moja, nimemaliza, nikapike!

Wakala wangu, kaka mmoja mstaarabu anaitwa Wilbroad, akacheka.

"Dada Levina, kwa bodaboda nne ni sawa kabisa. Ziko barabarani kutwa, zikimgonga mtu bima ndogo inamlipa. Lakini hii ya mzee ikiibiwa, bima ndogo haikupi hata spoku."

"Basi zote ziingie bima kubwa, kapu moja."

"Utaumia bure. Na ukiichanganya na hizo, siku ya fidia watahesabu umri wake, wakulipe kama chuma chakavu. Hii ipe bima kubwa yake peke yake. Thamani mkubaliane mwanzoni kabisa, ijulikane."

"Masharti yake?"

"Isibebe abiria wa kulipa. Ilale ndani, imefungwa. Na ikiibiwa, lazima ionekane palivunjwa. Mlango ukifunguliwa kwa ufunguo, hawalipi."

Mimi nikasita. Mume wangu Lugembe, aliyekuwa kimya muda wote, akadakia kwa nguvu.

"Chukua hiyo hiyo! Urithi wa baba mkwe tutauchezea sisi?"

Wee! Nilifurahi mpaka nikamchinjia kuku. Kuku mzima, mimi huyu huyu, nikamwekea na firigisi!

Miezi haikupita mingi, Baba akafariki.

Msiba ulikuwa kwangu. Nililia mpaka nikaishiwa nguvu, wakanilaza chumbani. Funguo zote za nyumba akazishika shangazi yangu Josepha, dada yake Baba. Watu waliingia na kutoka, watani walifanya vituko vyao huko nje, mimi sikuona kitu. Msiba ukaisha, shangazi akanirudishia funguo, akaenda zake Sikonge.

Stoo sikuifungua. Ningeanzaje? Nilikuwa nikiukaribia tu ule mlango, machozi.

Halafu asubuhi moja Lugembe akaniamsha.

"Mke wangu, amka! Tumeibiwa!"

Kufuli limekatwa... stoo nyeupe!

Nilipiga yowe Cheyo nzima ikatoka nje. Polisi nilikwenda mwenyewe. Madai nilisaini mwenyewe, karatasi imelowa machozi.

Kumbe mwizi ndiye aliyekuwa ananishika mkono nisianguke!

Sasa turudi pale kwenye beseni. Lugembe akanieleza yote bila aibu. Mayala ni dalali wa vitu vya zamani, kutoka Nzega. Mchongo wao ulikuwa hivi: usiku Lugembe akate kufuli, arudi kulala bila hata kufungua mlango, Mayala aje aibebe akaiuze kwa matajiri wanaokusanya pikipiki za kale, halafu sisi tulipwe fidia. Yaani wapate pesa huku na huku!

"Ila Mayala kanizunguka," akasema. "Anadai alikuta stoo tupu. Atajua mwenyewe. Wewe kausha, tule fidia."

Kuanzia hapo nikawa mfungwa ndani ya nyumba yangu.

Simu yangu akaichukua. Kila nikigeuka, yupo. Nikienda sokoni, ananibebea kikapu, na wanawake wenzangu wananionea wivu.

"Una bahati wewe Levina! Mume kikapu begani!"

Natabasamu. Moyoni naungua!

Jumapili akaja naye kanisani. Mtu ambaye kanisa aliliona mara ya mwisho siku ya harusi yetu! Mimi nipo kwaya, yeye kakaa benchi la mbele, macho hayabanduki kwangu. Mchungaji akamshukuru Mungu kwa ajili ya kondoo aliyerudi. Watu wakapiga vigelegele.

Nilitaka kupasuka. Ningemwambia nani? Nikisema, saini ni yangu, polisi nilikwenda mimi. Watoto wangu waambiwe mama yao kafungwa kwa utapeli? Nisiposema, nimeiuza pikipiki ya Baba kwa kukausha kwangu. Nilikuwa nalala naangalia dari mpaka jogoo anawika.

Siku ya mkaguzi wa kampuni ya bima ikafika.

Aliitwa Bwana Valentino, mtu wa makamo, sauti ya upole. Tukakaa sebuleni. Lugembe akakaa kwenye kochi langu, mkono kaweka begani kwangu kama ananipenda sana.

"Mama, pole kwa msiba. Na pole kwa kuibiwa."

"Asante."

"Nataka uthibitishe maelezo yako, usaini, nisikusumbue zaidi."

Lugembe akalibinya bega langu. Akabinya tena.

Nikashika kalamu. Nikaiinamia ile karatasi kabisa, jamani, nisiwadanganye.

Ndipo Lugembe alipojifanya mchungaji.

"Saini tu, mke wangu. Hata marehemu huko aliko anafurahi. Fidia hii itasomesha wajukuu zake."

Marehemu anafurahi?! Baba yangu?!

Hapo nikachefukwa. Hofu ipo, lakini hasira ikaipiga kumbo.

Nikaweka kalamu chini.

"Sisaini."

"Mama?"

"Kufuli alikata huyu hapa. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia dalali wake. Mimi nilisaini mwanzo nikidhani tumeibiwa kweli. Kama ni kufungwa, nifungwe."

Lugembe akacheka, mtu mzima hovyo!

"Mkaguzi, umsamehe. Msiba umemvuruga. Mimi nikate kufuli la nyumba yangu, halafu pikipiki nimeiweka wapi? Mfukoni?"

Akanipata. Kweli, pikipiki iko wapi? Nikajiona narudi kwenye kifungo changu kile kile.

Mkaguzi hakucheka.

"Mama, nani mwingine aliwahi kushika ufunguo wa stoo?"

"Shangazi yangu tu, wakati wa msiba."

"Mpigie. Weka sauti kubwa."

"Simu yangu anayo yeye."

Mkaguzi akamtazama Lugembe, akanyoosha mkono. Lugembe akaitoa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu! Kulikoni, siku zote hizi simu hupokei?"

"Shangazi, stoo uliifungua siku za msiba?"

"Niliifungua, ndiyo. Si nilimtolea mtani pikipiki!"

"Mtani gani?!"

"Zabibu! Yule Mzaramo wa Ng'ambo. Siku ya kuanua matanga alivaa koti la kaka yangu, akaipanda pikipiki, akawa anahubiri kwa sauti yake, watu tulikufa kwa kicheko! Akasema haondoki bila hiyo. Nimemfungulia kwa ufunguo, wameisukuma mchana kweupe, nikafunga kufuli kama lilivyokuwa. Mayo! Kwani mpaka leo hamjaenda kuikomboa? Aibu gani hii!"

Kwa wasiojua: sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, tangu babu zetu walipokuwa wanatembea kwa miguu na mizigo mpaka pwani. Mtani akichukua kitu msibani, hujaibiwa! Unamfuata kwake, mnataniana, unakikomboa kwa kuku, yameisha. Yeye hakirudishi, mfiwa ndiye anayefuata. Na hakuna wa kukutangazia, kila aliyeona anajua unajua. Lugembe naye siku hiyo ya matanga hakuwepo, alikuwa kaenda Nzega. Zabibu mwenyewe alikuwa amepanda treni kwenda Kigoma, binti yake kajifungua.

Kwa hiyo Mayala alisema kweli. Mume wangu alikata kufuli la stoo tupu!

Mkaguzi akafunga faili lake.

"Bwana Lugembe, pikipiki ilitoka kwa ufunguo na mlango ukafungwa. Sasa mwenye haja ya kukata kufuli alikuwa nani?"

"Nili... nilipoteza ufunguo."

Nikautoa kwenye mkoba wangu, nikauweka mezani.

Jasho! Mtu alilowa kana kwamba kamwagiwa ndoo.

Siku hiyo hiyo mkaguzi alinisindikiza polisi, nikasahihisha maelezo yangu, madai nikayafuta kabla hata shilingi haijatoka. Lugembe naye akaitwa, akabakizwa. Mayala naye alipoletwa, aliimba kila kitu bila kuombwa kibwagizo.

Zabibu aliporudi, nikamfuata Ng'ambo na kuku kwapani. Nikamkuta barazani anapepeta mchele. Aliponiona tu!

"Njooni mumwone Mnyamwezi bahili! Kuku mmoja kwa pikipiki nzima? Ongeza na mume!"

"Mume chukua bure, yupo mahabusu!"

Tulicheka mpaka majirani wakatoka. Halafu akaweka ungo chini, uso ukabadilika.

"Levina, ulidhani niliichukua kwa utani tu?"

"Kumbe?"

"Siku ya msiba, jeneza bado liko ndani, stoo imefunguliwa watoe masufuria, nilimwona mumeo humo na mwanaume nisiyemjua, wanaipiga picha pikipiki, wanaipimapima. Wewe ulikuwa hoi kitandani. Ningekwambiaje wakati ule? Nikasema naichukua kimila, hakuna wa kunizuia. Utakuja kuikomboa, nikunong'oneze. Mwenzangu... hukuja."

Nikakaa pale pale chini. Nililia upya, na safari hii sikuwa namlilia Baba.

Leo bodaboda zangu nne zina bima ndogo. Ya Baba ina bima kubwa yake peke yake, na masharti nimeyasoma mwenyewe mstari kwa mstari. Wenye pikipiki nyingi, fanyeni hivyo, kila chombo kina kazi yake na hatari yake. Ila wakala atakuuliza habari za wezi wa nje tu. Wa ndani utamjua kwa kuwasikiliza watu wako, hata wale unaodhani wanafanya mchezo.

Na wewe dada uliyebanwa kona, umesaini kitu bila kujua na unatishiwa nacho kila siku, nenda ukaseme kabla hakijalipwa. Usingoje uwe jasiri. Mimi nilikuwa naogopa, nikasema hivyo hivyo.