Kipande Alichokiruka Mtafsiri

Jumamosi hiyo kulikuwa na manyunyu tangu asubuhi, na manyunyu ndiyo yaliyowajaza watu katika duka la dada yake Mtafsiri. Lilikuwa duka dogo la filamu, lenye kompyuta mbili na benchi moja la mbao, ambako watu walileta flashi zao wawekewe tamthilia. Nyuma ya kaunta palikuwa na chumba kilichokuwa stoo zamani. Humo ndimo Mtafsiri alimofanyia kazi yake ya kutia Kiswahili kwenye tamthilia za watu wa mbali, akiwa peke yake baba, mama, mtoto na jini.

Kwa miaka tisa alikuwa ameisemea tamthilia moja tu, ile ya ukoo ulioishi na mwanamke aliyejengewa ndani ya ukuta wa nyumba yao. Ilikuwa imefika msimu wa kumi na moja na haikuonyesha dalili ya kwisha. Mtafsiri alikuwa ameichoka hadi mifupani. Akienda harusini, wanamwambia alie kama Bibi wa Ukutani. Akienda msibani, watoto wanamnyatia nyuma kumsikiliza akisalimia. Mara mbili alitaka kuacha, na mara zote mbili dada yake alimwuliza swali lile lile.

"Ukiacha, mdogo wangu, tutaishi kwa kuuza benchi?"

Basi siku hiyo, baada ya chakula cha mchana, mjadala ukawaka kama kawaida. Kinyozi wa duka la jirani, ambaye hakuwa na wateja kwa sababu ya mvua, ndiye aliyeuanzisha.

"Misimu mitatu ya kwanza ndiyo tamthilia," alisema. "Kuanzia wa nne wanatuburuza tu. Mtu anakufa, anazikwa, wa tano anarudi eti ni pacha wake. Pacha gani huyo ambaye hata mama mzazi hakumjua?"

"Wa sita walijitahidi," alisema Nesi, mama wa makamo aliyekuwa ametoka zamu na bado ana sare yake. "Wa sita nililala na taa."

"Na wa saba?"

Benchi zima likacheka. Msimu wa saba ulikuwa kichekesho cha mtaa. Nesi peke yake hakucheka.

"Wa saba haukuwa mbaya. Uliharibiwa." Akamgeukia Mtafsiri. "Sehemu ya tisa, yule bibi anasimama mbele ya kamera dakika kumi na mbili. Anaongea, machozi yanamtoka. Wewe ukatuambia nini?"

Mtafsiri alikumbuka, lakini akajifanya anafikiri. "Nilisema analia."

"Ulisema, 'Hapa bibi analia tu, tusonge mbele.' Kisha ukaanza kutusimulia mpira."

"Kipande kile hakikuwa na maandishi chini, Nesi. Lugha yenyewe siijui. Ningesema nini?"

"Ungenyamaza tumsikie," alisema Nesi taratibu. "Mtu haongei dakika kumi na mbili kama hana la kusema."

Maneno yale yalimchoma. Ili kuumaliza ubishi, akasema anaingia kukirudia kipande hicho sasa hivi, na akafunga mlango nyuma yake.

Chumba kile hakikuwa na dirisha. Kuta zilifunikwa magodoro machakavu ili sauti za nje zisiingie, na mlango nao ulikuwa na godoro lake. Hakukuwa na kufuli wala komeo, kitasa tu. Mtafsiri aliketi mbele ya kompyuta, akavaa vifaa vya masikioni, akaitafuta sehemu ya tisa. Bibi wa Ukutani akajitokeza, uso umejaa kioo kizima. Akaanza kusema.

Lugha ilikuwa ile ile asiyoijua. Dakika ya kwanza ilipita hivyo. Katika ya pili, Mtafsiri akagundua kuwa anaelewa.

Hakubadilisha lugha, yule bibi. Sauti zilikuwa zile zile, lakini maana ilikuwa inaingia yenyewe, kama maneno ya mtu aliyekulea.

"Chumba hiki kina magodoro matano," alikuwa akisema. "La kushoto lina doa kama sikio."

Mtafsiri akageuka kushoto.

Doa lilikuwepo. Hakuwahi kuliona.

Akabonyeza kusimamisha. Picha ikasimama, mdomo wazi. Sauti haikusimama. Akavivua vile vya masikioni, akavitupa mezani, na vikaendelea kunong'ona pale pale vilipoangukia. Akauendea mlango. Kitasa kilizunguka. Mlango haukuja. Akaweka mguu ukutani akavuta kwa nguvu zake zote, jasho likimtiririka. Haukutikisika hata kidogo, kama vile nyuma yake kumejengwa.

Akatega sikio kwenye godoro. Kwa mbali, akasikia benchi likiendelea na mjadala.

"Kwa hiyo wewe unasemaje?" Huyo alikuwa Kinyozi.

"Nasema Nesi ana haki," mtu akajibu. "Msimu wa saba ndio bora kuliko yote. Hamkuupa nafasi."

Mtafsiri alishika ukuta. Ile ilikuwa sauti yake. Kikohozi kidogo mwanzoni, kile alichokuwa nacho tangu utotoni. Kicheko cha puani mwishoni.

Akapiga ngumi. Godoro likazimeza. Akaita. "Dada. Nifungulieni. Dada."

Nje, mbao za benchi zikalia.

"Nani analia humo?" aliuliza dada yake.

"Ni yule bibi, kwenye kompyuta," ilisema sauti yake, bila haraka. "Analia tu. Tusonge mbele."

Benchi likacheka.

Mtafsiri akateleza hadi chini. Hakujua alikaa hapo muda gani. Hewa ilikuwa nzito. Hatimaye akatambaa hadi kwenye kiti, kwa sababu hakukuwa na pengine pa kwenda, akavaa tena vifaa vyake. Kipande kilikuwa kimejirudisha mwanzo. Bibi alikuwa akimtazama. Anasubiri.

Akawasha kurekodi.

Bibi akasema neno, Mtafsiri akalisema. Alisema walivyomwingiza ukutani usiku, akiwa hai. Alisema jinsi alivyowasikia wakila upande wa pili. Vijiko vyao. Vicheko. Alivyoita. Walivyoambiana ni panya. Alitaja jina la kila aliyekaa mezani, na Mtafsiri akalitaja, na alipotaka kuruka moja taa ikafifia, akarudi akalitaja. Alisema siku ya tatu. Alisema siku ya nne. Ya tano alisema kidogo sana.

Kisha akafunga mdomo. Kioo kikawa cheusi.

Mlango ulikuwa wazi, upana wa kiganja.

Mtafsiri alitoka. Manyunyu yalikuwa yamekwisha, jua la jioni limelala sakafuni. Benchi lilikuwa tupu. Dada yake alikuwa anafagia, akainua kichwa, akamtazama, kisha akatazama barabarani, kisha akamtazama tena.

"Umesahau nini?"

"Kusahau kivipi?"

"Si umetuaga sasa hivi? Umesema unakwenda nyumbani."

"Dada," alinong'ona, "mimi nilikuwa humu. Niliwaita."

Dada yake akaweka ufagio chini polepole. "Umekaa na sisi saa tatu nzima. Uliingia, ukatoka, ukakaa pale karibu na Nesi. Umemshinda hadi Kinyozi kwa ubishi."

Mtafsiri alimpigia mkewe simu, akamwambia asimfungulie mtu yeyote, hata akisikia ni sauti ya mumewe. Akakaa na dada yake dukani hadi giza, kisha wakaenda nyumbani kwake pamoja. Hakuna aliyekuwa amebisha hodi. Wala siku zilizofuata hakuna aliyekuja.

Sehemu ile ilitoka. Mtaa uliisikiliza, na tangu hapo hakuna anayeucheka msimu wa saba. Nesi alipomsikia bibi hadi mwisho, alilia. Mtafsiri hakuingia tena katika chumba kile. Siku hizi anarekebisha simu barazani, mahali penye upepo pande zote, na anaongea kidogo.

Lakini kuna jambo ambalo yeye na dada yake hawamwambii mtu. Jioni ile, kabla hawajafunga duka, dada alikuta sweta kwenye benchi, pale karibu na alipokaa Nesi. La kijivu, lenye kiraka cha kijani kwenye kiwiko, alichokishona marehemu mama yao kwa mkono. Akalinyanyua kumpa mdogo wake, na mkono wake ukabaki hewani.

Mtafsiri alikuwa bado amelivaa lake. Kijivu, kiraka cha kijani, mishono saba iliyopinda, ile ile.

Lile la kwenye benchi walilifunga kwenye mfuko, likawekwa juu ya kabati la dada. Miezi minne sasa. Na kila dada akipitisha mkono ndani, analikuta lina joto, kama limevuliwa sasa hivi.