Mwambie Anisubiri

Mvua ya mwezi wa tano ilimkuta Kan katikati ya soko la Sampheng, Bangkok, kwenye ule uchochoro ambao hata kukiwa na jua watu hupita kwa ubavu. Wachukuzi walisukuma mikokoteni ya majora ya vitambaa na kufoka wapishwe. Kan alikuwa amevaa blauzi nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi na sketi ya kijivu, nywele zimebanwa kisogoni. Kazi yake ilikuwa kukata nguo katika duka la sare za wauguzi, na siku hiyo alitumwa vifungo. Mkokoteni ulimpiga kumbo, akamwangukia mwanamume aliyekumbatia kifurushi cha karatasi kilicholowa chapachapa. Alipojitoa, kifua kizima cha blauzi yake kilikuwa cha buluu.

Yule mwanamume hakuanza na pole. Aliikagua blauzi kama daktari anavyokagua kidonda, akasema, "Usiitie maji ya moto. Iloweke kwenye maji baridi, chumvi na siki. Ukiichemsha tu, umeipaka rangi ya maisha."

"Na pole yangu iko wapi?"

"Inakuja. Nimetanguliza ya blauzi."

Kan alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Walijibanza chini ya turubai la muuza kahawa, wakanywa kahawa ya barafu kwenye mifuko ya plastiki huku wakingoja mvua ikate. Jina lake lilikuwa Tor, fundi wa lifti, miaka thelathini na minne, mrefu, na macho ya mtu ambaye usingizi humpita kando. Ndani ya kifurushi kulikuwa na shati la nili, lile la mikono mifupi na vifundo vya kamba kifuani ambalo huvaliwa na watu wa kaskazini. Kan alimuuliza amejuaje mambo ya nili. Tor alisema shangazi yake aliuza nguo huko Nonthaburi, alikozaliwa yeye.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na aliusema bila kupepesa jicho.

Tor alimzidi Kan miaka mitano, kwa hiyo Kan akawa anamwita Phi Tor, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake. Neno hilohilo ukilipandisha sauti kidogo huwa ni mzuka, na Kan alikuwa mtu wa kulipandisha kila apatapo nafasi. Simu zao za jioni zilianzia hapo.

"Mzuka wangu umekula?"

"Mizuka haili, mtoto. Inanusa tu."

"Basi njoo unuse. Nimepika samaki."

Naye alikuja, akala samaki mzima na kuguguna kichwa, na Kan akamwambia hajawahi kuona mzuka mlafi namna hiyo. Miezi mitatu ikaenda hivyo. Kilichomkera Kan kilikuwa Ijumaa tu. Kila Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, simu ya Tor ililia, naye alitoka nje kuipokea, hata kama mezani kuna supu inayofuka. Akirudi, huwa mwenye adabu kupita kiasi, kama mgeni.

Mwezi wa nane Kan alipata Jumamosi na Jumapili bila kazi, jambo la nadra dukani kwao. Walikaa kwenye kibanda cha tambi karibu na kituo cha treni za juu, Kan amevaa gauni la njano lenye mfuko mbele, simu imelazwa kati ya bakuli mbili. Alitaka waende mahali. Hua Hin hapana, Chiang Mai hapana, huko utakutana na nusu ya Bangkok. Alikuwa amechagua Phrae, mji mdogo wa kaskazini. Hakuna anayekwenda Phrae. Kuna nyumba za kale za msaji, kuna wanawake wanaotia nguo nili mpaka leo, na usiku watu wanalala.

Tor aliweka vijiti chini. Alisema Phrae hakuna kitu.

"Umewahi kufika?"

"Sijawahi."

Lakini kupanga kulipoanza, ni yeye aliyepanga. Alimwambia Kan wakate tiketi za treni ya asubuhi, wakae upande wa kushoto, jua lisiwachome. Wakishuka stesheni ya Den Chai wasikubali gari la kwanza, linazunguka mno. La buluu ndilo linalopita Thung Hong, kijiji cha watia nili. Alisema haya yote akiwa ametazama mvuke wa tambi. Kan aliyahesabu moyoni. Mtu hajawahi kufika mahali, anajua rangi ya gari.

Ijumaa, Kan alikwenda chumbani kwa Tor mapema na begi lake, ili asubuhi waondoke pamoja. Alikuwa katikati ya ngazi aliposikia sauti ya Tor kule juu, laini, sauti ambayo yeye hakuwahi kupewa.

"Ndiyo, Mama. Kesho pengine. Kama si kesho, wiki ijayo. Mwambie Ueang anisubiri."

Kan alimaliza ngazi zilizobaki polepole. Tor alimkuta mlangoni, simu bado imo mkononi.

"Ueang ni nani?"

Tor aliitia simu mfukoni.

"Ni mkeo?"

"Si unavyodhani, Kan."

"Haya, niambie nidhani nini."

Tor aliinama, akaanza kupanga viatu kwenye rafu. Kan alimpa muda, muda mrefu kuliko ambao mwanamke yeyote angempa, kisha akatoa tiketi ya Tor na kuiacha juu ya rafu ya viatu. Alishuka akiwa wima. Machozi yalimshinda alipofika barabarani, mbele ya muuza matunda aliyempa kipande cha nanasi bila kuuliza neno.

Asubuhi alipanda treni peke yake. Alijiambia haendi kumfuata mwanamume, anakwenda Thung Hong, kule Tor anakojua hata rangi ya gari, kumwona mwanamke mwenzake uso kwa uso, amwambie kwamba wamechezewa wote wawili. Alikaa upande wa kushoto, na jua kweli halikumchoma, na hilo lilimuuma kuliko yote.

Den Chai alifika alasiri, gari la buluu likamshusha Thung Hong. Mbele ya nyumba kulikuwa na mitungi ya nili yenye povu la zambarau, na mashati yaliyoning'inizwa yalidondosha matone barabarani. Kan alimsogelea muuza vitambaa mmoja, mama mnene aliyefunga kitenge kiunoni, akauliza nyumba ya Ueang, yule anayemsubiri Tor wa Bangkok.

Yule mama alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. Alionyesha kwa kidevu nyumba ya mwisho, akaingia ndani.

Nyumba ilikuwa ya mbao, juu ya nguzo. Ngazini alikaa mama mwembamba, nywele nyeupe, mikono ya buluu mpaka viwikoni. Aliitwa Mama Saengla. Kan alimpigia magoti, akajitambulisha, akasema ametoka Bangkok, anamfahamu Tor, na angependa kuonana na Ueang.

Mama Saengla alimsogezea mkeka. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayekanyaga ubao uliooza, "Ueang yuko stesheni, mwanangu. Anamsubiri Tor. Kaa, watarudi kula."

Hasira ya Kan ilikosa pa kushika. Alisaidia kuandaa chakula: wali wa kunata kwenye kikapu, pilipili ya kuponda, mboga za kuchemsha, ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikafura. Mama Saengla aliandaa sahani nne. Walikula wawili, huku mvua ikianza kugonga bati.

Hapo ndipo pikipiki ilipoingia uani. Kan aliisikia vizuri: ilipunguza mwendo, ikapita chini ya nyumba, ikazimwa karibu na ngazi. Alimtazama Mama Saengla. Mama Saengla alikuwa akifinyanga tonge, hakuinua kichwa.

"Wamefika," Kan alisema.

"Huja kila kukinyesha," alijibu mama. "Hatapanda juu."

Kan alikwenda mlangoni. Uani kulikuwa na kuku wawili waliojikunyata na udongo uliolainika kwa mvua. Hapakuwa na pikipiki. Hapakuwa na alama ya gurudumu. Hewa ilinuka petroli.

Aligeuka, na ndipo alipoiona picha ukutani juu ya mlango wa ndani. Msichana wa miaka ishirini na mitano hivi, shati la nili, meno ya mbele yamepishana kidogo, shada la maua makavu limeviringishwa kwenye fremu. Chini, tarehe mbili. Ya pili ilikuwa ya miaka sita iliyopita.

Kan alishuka mpaka chini ya nyumba, penye mitungi, akampigia Tor. Tor alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Niko kwao," Kan alisema. "Nimeiona picha. Sasa sema."

Upande wa pili alisikia mlango ukifungwa. Kisha Tor alisema yote. Alizaliwa Thung Hong, nyumba ya tatu kutoka hiyo. Walikuwa wachumba, yeye na Ueang, na mara moja kwa mwezi alirudi kutoka kazini Bangkok kwa siku mbili, naye Ueang alimfuata Den Chai kwa pikipiki. Jumamosi moja aliikosa treni ya asubuhi.

"Alikuwa ameshafika stesheni. Nikamwambia anisubiri ile ya jioni. Na ya jioni sikuipanda, Kan. Sikuikosa. Sikuipanda. Wenzangu walikuwa na bia, mtu alikuwa na siku ya kuzaliwa. Nilizima simu. Alinisubiri mpaka giza, akarudi kwenye mvua, na lori la magogo..." Hakuimalizia. "Mazishini nilikaa siku moja, nikatoroka kabla mwili haujachomwa."

"Na mama yake?"

"Ijumaa ya kwanza alinipigia, akauliza nakuja na treni gani nipokewe stesheni. Nikajua akili imemruka, anadhani Ueang yupo. Ningemwambiaje? Nikasema, mwambie Ueang anisubiri. Tangu hapo anapiga kila Ijumaa. Na kila mwaka ananitumia shati."

Kan aliegemea nguzo. Alitaka kumkumbatia na alitaka kumpiga, na alikuwa mbali kwa yote mawili.

"Phi Tor," alisema, na hakulipandisha neno. "Miaka sita umemweka msichana wa watu stesheni. Panda treni. Usiponiona nimekukasirikia, usidhani sijakasirika. Lakini panda."

Alfajiri yule muuza vitambaa alimpeleka Kan Den Chai kwa gari lake, bila maneno mengi. Abiria walioshuka hawakuzidi kumi. Tor alikuwa wa mwisho, amevaa shati la nili lenye mikunjo ya kukaa sandukuni, uso umemshuka. Alisimama kwenye ngazi ya behewa kama mtu aliyesahau namna ya kushuka. Kan alimpa mkono.

"Njoo, mzuka," alisema kwa upole. "Unachelewesha treni ya watu."

Mama Saengla alikuwa ngazini walipofika. Tor alipiga magoti kwenye udongo, akainamisha kichwa mpaka miguuni pake, na maneno yakamtoka kwa vipande.

"Mama, Ueang haji. Haji tena. Alikufa, Mama, na ni mimi niliyemwambia asubiri."

Yule mama aliweka mikono yake ya buluu juu ya kichwa chake.

"Najua, Tor. Nilimvisha mimi."

Tor aliinua uso.

"Nilikupigia nikuulize treni, nije mimi kukupokea. Tulikuwa na ibada ya siku mia tangu kifo mbele yetu, nilitaka uwepo. Wewe ukaniambia nimwambie Ueang asubiri. Nikashtuka. Nikajua kijana amerukwa na akili, nikimwambia ukweli kwenye simu atajirusha kwenye yale mashimo ya lifti. Nikajibu, nitamwambia. Na wiki iliyofuata, hivyohivyo. Jana msichana wako alipokuja kumuulizia, nilidhani umemtuma yeye achungulie kama Ueang bado anasubiri, nikamjibu hivyohivyo." Alimpangusa Tor udongo kwenye paji la uso. "Nimechoka, mwanangu. Tumemnyima mtoto ruhusa ya kwenda."

Walilia wote wawili, bila sauti, kama watu waliobeba mzigo mmoja pande mbili za ukuta. Kan alikwenda kusimama mbali, kwenye mitungi, maana palikuwa na mambo pale ambayo hayakuwa yake.

Asubuhi ileile walikwenda hekaluni. Mama Saengla alitengeneza wali, Tor akaubeba, mtawa mzee akapokea na kuanza kuimba dua. Tor alishika birika dogo la shaba, akaanza kumimina maji kwenye bakuli, uzi mwembamba usiokatika, thawabu imfikie aliyetangulia. Mama Saengla alimshika bega, kama ilivyo desturi, asiyemimina amguse anayemimina.

Kan alikuwa amekaa nyuma, magoti pembeni, viganja mapajani. Aliona si mahali pake.

Mama Saengla aligeuka nusu. "Mshike," alinong'ona. "Wewe pia ulimsubiri."

Kan alisogea, akamshika Tor kiwiko. Akahisi kutetemeka kwa Tor kukipita kwenye mkono wake na kutulia. Tor hakumtazama, lakini aliegemea upande wake kidogo, na Kan akajua kwamba atamkasirikia mwaka mzima na kwamba hatamwacha.

Maji yalikuwa yakikaribia kwisha alipohisi mkono mwingine. Ulitua mgongoni pake, kati ya mabega, mwepesi, wa baridi, kama wa mtu aliyetoka mvuani, mtu anayetaka naye awemo kwenye mnyororo. Nyuma yao hapakuwa na mtu. Alikuwa amewaona wote waliokuwamo humo, nao walikuwa mbele.

Kan hakugeuka. Alimshika Tor barabara zaidi, akatulia hivyo, mgongo ameunyoosha ili ule mkono upate pa kukaa, mpaka tone la mwisho lilipodondoka na baridi ile ikaondoka.